Maji Yasiyotoa Povu

Mwenye nyumba wetu hakupenda mtu azibe pua uani kwake. Makosa mengine aliyameza. Ungegombana na mumeo mpaka watu wakajaa mlangoni, ungeunguza sufuria uliyoazima jikoni kwake, ungemjibu ovyo asubuhi, na kufika alasiri amekwisha sahau, anakuita uje unywe uji. Lakini ukiinama kisimani ukavuta upindo wa leso ukajifunika pua, hapo umemkosea, na kosa hilo aliliweka moyoni mwaka mzima.

Kisima chenyewe kilinuka. Sisemi kwa ubaya, nimechoka tu kupambapamba. Kilinuka yai viza, na asubuhi za baridi harufu ilipita chini ya milango ikatukuta bado tumejifunika mablanketi. Yeye na marehemu mumewe ndio waliokichimbisha, kabla sisi wapangaji hatujafika, zamani zile ambapo Majengo, hapa Pumwani, watu walikwenda mbali kutafuta bomba. Walitarajia maji matamu, wakapata hayo. Mume akafa, mtoto hakuwahi kupatikana, kisima kikabaki. Na kitu alichokitaka kwetu kilikuwa kimoja, hakukificha: siku akifa, aoshwe kwa maji ya kisima chake.

Alilisema jambo hilo kama mtu anavyosema atakula nini jioni. Anachambua mchele, anasema. Anamsuka mtu nywele, anasema. Sisi tulikuwa vijana, maneno ya kufa tuliyaona ya wazee, tukamwitikia "Inshallah, Bibi" na kuendelea na shughuli zetu. Sikujua kwamba ombi lile lingeniangukia mimi.

Niliingia nyumba ile nikiwa bibi harusi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa mpakuzi wa mizigo kwenye godauni moja kule Industrial Area, na mashati yake yalirudi kila jioni na vumbi la saruji. Siku yangu ya kwanza ya kufua nilichota maji kisimani, nikachukua kipande kizima cha sabuni ya mche, nikasugua. Povu halikutoka. Nikasugua tena. Yakatoka mabonge ya kijivu yakang'ang'ania kola, na shati likazidi kuchakaa mikononi mwangu. Nikajua nimeuziwa sabuni mbovu. Nikaifunga katika karatasi, nikajitanda leso kwenda kumrudishia mwenye duka na kumpa maneno yake.

Mwenye nyumba alikuwa amekaa kibarazani. Akaniuliza naenda wapi na uso ule. Nikamwambia.

"Rudi ndani, mwanangu," alisema. "Usimtukane mtu wa watu. Sabuni haina kosa. Maji yale ni magumu. Sharti uyachoshe kabla hayajakuchosha wewe."

Hilo ndilo neno lake, kuyachosha, na kazi yenyewe niliifanya miaka yote niliyokaa pale, kwa hiyo naweza kuieleza. Unachota alfajiri. Unayamimina maji kutoka debe hadi debe, debe la juu umelishika kifuani, la chini liko sakafuni, ili yaanguke kwa kishindo na harufu itoke. Unarudia mpaka mikono inatetemeka. Kisha unayaacha wazi juani, na mtu asiyafunike, maana ukiyafunika harufu inarudi kukaa. Mchana unayapitisha katika debe lililotobolewa chini, lililojazwa mkaa na mchanga. Yakitoka hapo yamepungua kunuka, lakini ugumu uko palepale. Ndipo unatia magadi, kijipande, unakoroga, unangoja utando mweupe ushuke chini, unachota ya juu polepole. Hayo ndiyo ya kufulia na ya kupikia maharagwe. Bila magadi, maharagwe ya nyumba ile yangechemka kutwa na bado yangegonga ukingo wa sufuria. Na ya kunywa yana kazi yake nyingine. Unachukua mtungi mkavu, unauinamisha juu ya chetezo chenye ubani, unaushika hapo mpaka moshi umeingia kwenye udongo, ndipo unatia maji. Ukinywa, unasikia ubani kwanza, na lile jingine linafuata nyuma, kwa mbali.

Kazi yote hiyo, kwa maji ambayo mwenye bomba anafungua tu. Nilikuwa na mimba ya kwanza na bado nilimimina debe kwa debe. Kuna asubuhi nilikaa juu ya debe lililopinduliwa nikalia, si kwa maumivu, kwa kuchoka tu, na yeye akaja akanipokea debe mkononi, akamimina zamu yangu. Alikuwa mzee na mifupa yake ililalamika. Alimimina mpaka mwisho. Kisha akaniambia nikaoge, nimenuka jasho.

Mkono wake wa kulia alivaa bangili za fedha, na zilikuwa nyeusi. Fedha ikikaa karibu na maji yale ilisawijika, haikuchukua muda. Wanawake wengine wa mtaa walizisugua zao kwa majivu na ndimu wakienda harusini, na walipopita kwake walizificha chini ya buibui. Yeye hakuzisugua. Alizigonganisha makusudi akimpa mtu kahawa. "Hizi zimefanya kazi," alisema. "Zako zimefanya nini?"

Birika lake nalo lilikuwa na habari. Maji yale yakichemka yaliacha ukoko mweupe ndani, juu ya ukoko mwingine, mpaka birika kubwa likawa linaingia vikombe vya kuhesabika. Tulilichemshia ukwaju, ukoko ukalegea, akaubandua kwa kisu na kuviweka vipande katika kopo la maziwa dirishani. Bwana Afya, mkaguzi wa halmashauri, alipokuja na kofia yake na chupa yake ya kuchukulia maji, mwenye nyumba alimwekea kopo lile mbele.

"Mama, hii kisima yako iko na harufu mbaya sana," Bwana Afya alisema.

"Naisikia, baba. Nina pua."

"Pengine tutafunga."

"Fungeni. Lakini kwanza niambie, bomba lenu lina mawe?"

"Mawe gani?"

Akamfunulia kopo. "Haya nimeyatoa mwenyewe ndani ya birika. Chukua, mpelekee mkubwa wako, mwambie bibi wa Majengo amekwisha yatoa mawe, iliyobaki ni harufu."

Bwana Afya akacheka hadi akavua kofia. Alichukua maji yake kwenye chupa, hakurudi. Labda maji hayakuwa na ugonjwa, labda chupa ilipotea. Mwenye nyumba alilihesabu kuwa ni ushindi, akatupikia mahamri.

Sasa niseme na upande wake wa pili, kwa sababu nikiuacha nitakuwa namtengenezea sura. Mwanamke huyu aliyemnunia mtu kwa kuziba pua, yeye mwenyewe hakuweza chai ya maji yale. Niligundua kwa macho yangu. Nilikuwa nimetumwa duka la mbali, nikapita bomba la mtaa wa chini, ambako hakuna aliyetegemea kumwona, na huyo nikamkuta kwenye foleni, amejifunika buibui mpaka machoni, ameshika birika. Birika, si ndoo. Tulitazamana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini huku?"

"Nimekuja dukani. Na wewe?"

Alilitazama birika kana kwamba limemfuata lenyewe. "Chai," alisema, "chai haikubali. Nimejaribu, inafanya utando juu." Halafu akanisogelea. "Ukiwaambia wale, hutakanyaga kwangu."

Sikuwaambia. Nilimpenda zaidi tangu siku ile, nikisema kweli, maana nilijua kwamba na yeye anachoka. Kabla ya hapo nilidhani ni mimi peke yangu.

Na ubahili wake ulikuwa wa ajabu. Kiberiti alikigawa njiti moja moja. Kitunguu alikikata nusu, nusu akaificha. Lakini maji ya kisima, hata yaliyokwisha kuchoshwa, yaliyomtoa jasho tangu alfajiri, angempa yeyote aliyebisha hodi, na kumjazia tena. Mtu akikataa, alifadhaika kweli. Nilimwona akimbembeleza muuza mkaa anywe kata moja tu, na muuza mkaa anasema ameshiba, na yeye anasema maji hayashibishi, mpaka muuza mkaa wa watu akanywa, akashukuru, akaenda zake kwa haraka.

Miaka ya hali ya hatari ilipoingia, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, kulikuwa na siku ambazo askari walifunga barabara na hakuna aliyeweza kwenda bombani. Mtu akitoka bila kipande chake cha ruhusa anapakiwa kwenye lori. Vyumba viwili vya nyumba yetu vilibaki vitupu, wenyewe wamechukuliwa, na mwenye nyumba alivifagia kila Ijumaa bila kumpangisha mtu. Siku zile ndipo watu walipomjua. Walikuja kwa mlango wa nyuma, uchochoroni, wale wale waliokuwa wakisema nyumba yetu inanuka. Walikuja na ndoo, na sufuria, na beseni za kuogeshea watoto. Mama mmoja wa nyumba ya jirani, mcheshi, aliyekuwa akijifanya anatapika akipita kwetu, alikunywa kata nzima palepale kisimani.

"Bibi, wallahi hii maji yako leo iko tamu kushinda soda."

"Kunywa tena," mwenye nyumba alisema. Alikuwa anang'aa. Alisimama pale kutwa nzima na kamba, viganja vimechubuka, anachotea watu, na hakuna mtu aliyeziba pua. Usiku aliniomba nimpake mafuta mikononi. Akaniambia, sasa wamenizoea, sasa hawatakataa.

Nilijua anasema nini. Alikuwa anafikiri habari ya kuoshwa kwake.

Barabara zilipofunguliwa watu walirudi bombani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe kama si aibu ningekwenda.

Jeraha lake lilikuja baada ya hapo, siku alipofariki mpangaji wa chumba cha mwisho, mzee mmoja mpole aliyeshona kofia. Mwenye nyumba hakulia kwanza. Alikwenda uani. Alikuwa na maji ya jana yaliyokwisha kuchoshwa vizuri, akayatia magadi kidogo zaidi ili yawe laini, akafukiza madebe kwa ubani, akayapanga mlangoni pa chumba cha marehemu, yamefunikwa kitambaa cheupe. Kwa akili yake hakuna maji mtaani yaliyoshughulikiwa kama yale. Kisha waoshaji wanaume wakaja, na nyuma yao vijana wamebeba madebe ya maji ya bomba kutoka barabarani. Walipita mbele yake. Walipita mbele ya kisima. Madebe yake hayakuguswa.

Alingoja mazishi yaishe. Kisha akajitanda, akanichukua mimi nimsindikize, tukaenda kwa Mwalimu wa madrasa. Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ndogo, hakupenda kumwumiza mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maji yako yanafaa," alisema. "Harufu ile ni ya ardhi yake, Mungu ameyaumba hivyo. Unatawadha, unaoga, unaosha maiti. Hakuna tatizo."

Mwenye nyumba akanigeukia kwa furaha. Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza.

"Ila, mama, yale ya mlangoni siku ile. Niliambiwa ulitia magadi mpaka yakageuka ladha."

"Nilitia. Ili yawe mazuri."

"Hayo ni maji safi. Kunywa, pikia, fulia. Lakini hayatoharishi tena. Ukishayabadilisha kwa kitu ulichokitia wewe, si yale tena. Kwa kuoshea maiti ni yale mabichi, kama yanavyotoka."

Tulirudi nyumbani. Nilitamani nimshike mkono, sikuthubutu. Fikiria mtu aliyemimina debe kwa debe miaka yote hiyo ili maji yake yakubaliwe, kisha anaambiwa kwamba yalikuwa yanakubalika tangu kutoka ardhini, na kwamba kadiri alivyoyahangaikia ndivyo alivyoyaharibu kwa kazi ile moja aliyoitaka. Tulipofika uani alikaa ukingoni mwa kisima. Akasema, "Basi nimejichosha bure." Akavua viatu, akaosha miguu kwa maji mabichi, akaenda kuswali.

Tangu siku ile alikuwa na madebe mawili. La magadi na la mabichi, na la mabichi alilipaka chokaa ili mtu asichanganye. Na hapo ndipo alipoanza kumwandama Mwosha.

Mwosha ni yule mama aliyeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke mnene, wa maneno machache, msafi kupindukia. Juu ya kabati lake ulikaa mfuko wa majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa, aliyoletewa kutoka Pwani kwa gari la moshi. Ule mfuko watu waliuogopa. Majani yale ni ya maiti, ndiyo yanayokorogwa kwenye maji ya kwanza kumwoshea mtu kichwa na mwili, na hakuna mwanamke Majengo ambaye angeyagusa kwa kazi nyingine. Mtoto akiukaribia mfuko alipigwa kofi.

Mwenye nyumba alimwendea na fatwa ya Mwalimu. Mwosha alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, sikatai sheria. Lakini maji yako hayatoi povu. Sabuni yenyewe inashindwa. Mkunazi wangu utashika vipi? Nitakuosha kichwa kwa matope? Na wanawake wote wamekaa pale na pua zao. Watasema nimekudhalilisha."

"Nitakuwa nimekufa. Sitadhalilika."

"Mimi nitakuwa hai."

Walibishana hivyo miaka, kwa adabu, wakipelekeana bakuli za futari mwezi wa Ramadhani na kurudi kubishana. Hakuna aliyefikiri kujaribu. Utajaribuje? Unamwambia mtu alete mkunazi wa maiti ukorogwe uani kwa mtu mzima anayetembea? Ni kumwitia kifo. Hata mwenye nyumba, aliyejaribu majivu, na maji ya ndimu, na mizizi asiyoijua jina, hilo hakulitaja.

Sisi tulihama. Mume wangu alipata nyumba ya halmashauri kule Kaloleni, bomba liko hatua chache kutoka mlangoni, na siku ya kwanza nilifua kila kitu tulichokuwa nacho, hata mapazia ambayo hayakuwa machafu. Povu lilinifika viwikoni. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikamkumbuka, nikaona aibu, kana kwamba nimemsaliti.

Nilikuwa nakwenda kumwona, si mara nyingi kama ilivyostahili. Kila nilipokwenda nyumba ilikuwa imechoka zaidi. Bomba lilikuwa limeletwa mpaka pembeni ya uchochoro, na wapangaji wapya, ambao hawakuwahi kumimina debe kwa debe, walikitumia kisima kuegemezea baiskeli. Kamba ilikauka. Yeye aliendelea kuchota ndoo moja kila siku. Nilimwuliza ya nini. Akasema kisima kisipochotwa kinaoza.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani. Ilikuwa mchana, dirisha wazi, kopo la mawe ya birika bado lipo. Alikuwa amekonda, na bangili zimesogea mpaka karibu na kiwiko. Nilibisha hodi, nikamwamkia, akaitikia macho yamefumbwa.

"Umekuja na mikono mitupu?"

"Nimeleta machungwa, Bibi."

"Vizuri. Weka pale, yule wa chumba cha pili asiyaone."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, akakohoa. Nilimpa maji. Akayanusa, akajua ni ya bomba, akanywa bila kugombana, na hapo nikaogopa. Mwenye nyumba niliyemjua angegombana.

"Nimechoka," alisema.

"Pumzika, Bibi."

"Si hivyo. Nimechoka kuwaomba. Mwosha ana kichwa kigumu, na mimi sina mtoto wa kunisemea. Wakinichukulia maji ya barabarani, basi. Nimewaachia."

Ningemwitikia Inshallah kama zamani, yakaisha. Lakini nilimtazama mikono. "Mimi nitakusemea," nikasema. "Maji mabichi, ya kisimani, hayatiwi kitu."

Alinigeukia. Kisha akasema, "Debe la chokaa," akanionyesha kwa kidole liliko. Lilikuwa chini ya kitanda, limeoshwa, limepinduliwa.

Habari zilinifika Kaloleni siku chache baadaye, asubuhi. Nilimwachia jirani watoto, nikaenda kwa miguu upesi mpaka nikaumwa na kichomi. Nilipoingia, chimbo la kupokelea maji limekwisha chimbwa chumbani, wanawake wamejaa ukumbini, Mwosha amekunja mikono ya nguo, na karibu na mlango yamepangwa madebe ya maji ya bomba. Ilikuwa siku ya yule mshona kofia tena.

Sikumsalimia mtu. Nilivuta debe la chokaa chini ya kitanda, nikaenda uani, nikaziondoa baiskeli kisimani moja moja, moja ikaanguka na mwenyewe akanitukana. Nikateremsha ndoo. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea raha ya bomba, kamba ikanikata. Nikalijaza debe, nikalibeba ndani, na harufu ikaingia pamoja nami. Wanawake walipisha njia.

"Mama, usifanye hivyo," Mwosha alisema taratibu. "Si siku ya ubishi."

"Mwulize Mwalimu."

Mwalimu alikuwa nje na wanaume. Aliulizwa kupitia dirisha, akajibu kwa ile sauti yake ndogo kwamba yanafaa, na kwamba usia wa mtu unapowezekana utekelezwe.

"Najua yanafaa," Mwosha alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamlenga, maana na yeye alikuwa amemzoea mbishi wake. "Lakini povu. Mkunazi hautashika. Unataka nimharibu mwenzangu mbele ya watu?"

"Koroga bakuli moja," nikasema. "Moja tu. Povu lisipotoka, nitakwenda bombani mimi mwenyewe na sitasema neno."

Nilisema hivyo kwa kuchoka. Sikuwa na tumaini lolote. Nilikuwa nimesugua sabuni kwenye maji yale miaka na miaka, nilijua kitakachotoka, mabonge ya kijivu.

Mwosha alichota bakuli. Akafungua mfuko wake, akatia unga wa mkunazi, akaanza kukoroga kwa mkono, ameangalia pembeni kama mtu anayetimiza wajibu. Kwanza maji yaligeuka kijani. Kisha pembeni mwa bakuli kukaonekana mstari mweupe. Mwosha akaangalia. Akakoroga kwa nguvu zaidi, na povu likapanda, jepesi, jeupe, likajaa bakuli, likamshuka mpaka kifundo cha mkono.

Wanawake wa ukumbini walisogea kutazama. Mwosha alilishika povu lile katika kiganja akaligeuza, halikuvunjika.

"Nyumba ya tatu," alisema. "Mfuko umekaa nyumba ya tatu tu kutoka hapa. Miaka yote."

Nililia. Niseme ukweli, nililia kwa hasira zaidi ya msiba. Kwa magadi yote yale, na bangili, na zamu yangu aliyonipokea, na birika la siri, na povu limekaa juu ya kabati la jirani likingoja mtu afe.

Tulimwosha. Mwosha alimpaka povu kichwani, kwa vidole, polepole, mpaka nyuma ya masikio, akamwosha nywele zake chache kama wanavyooshwa watoto wa wenye nacho. Nilikuwa nachota mimi. Ulipofika wakati wa maji matupu, yale yanayohesabika kisheria, Mwosha alishika kijikaratasi cha kafuri ya kutia katika maji ya mwisho, akanitazama, nikatikisa kichwa. "Nitaiweka kwenye pamba," alisema, akakirudisha. Maji yakamiminwa kama yalivyotoka ardhini, upande wa kulia, kisha wa kushoto, na chumba kizima kikanuka kisima.

Karibu na mlango mama mmoja kijana, mpangaji mpya, aliinua upindo wa leso kuelekea puani. Mwosha aliinua uso akamtazama. Yule mama akaushusha upindo, nami nikachota tena.